Ndoa Ndani ya Daftari la Mazishi

Masjala Kuu, ghorofa ya chini
4 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Kabla ya yote, jua kwamba hakuna kipande cha ardhi katika nchi hii, kiwe shamba, kiwe uwanja wa kuanikia nguo, ambacho karatasi yake haijapita katika mikono hii ninayokuandikia. Mawaziri wamekuja wakaondoka, mimi nipo. Wakigombania mpaka, wananong'onezana, "Mwulizeni yule bwana wa ghorofa ya chini." Kwa hiyo barua yako haikupotea. Umebisha mlango wenyewe.

Sasa salamu. Hujambo? Mama yako hajambo? Magoti yake yanasemaje mvua hizi? Mimi ni mzima wa chuma. Kifua kinabana kidogo asubuhi, ni vumbi la karatasi, lakini daktari alinisikiliza akasema mapafu kama haya ameyaona kwa wanajeshi tu.

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Mara ya mwisho nilikuona siku tunamzika bibi yako, huna meno mawili ya mbele. Leo una kazi katika duka la dawa na unaniita Mjomba kana kwamba tuliagana jana. Barua nimeisoma mara nne. Si kwamba sikuielewa.

Umeuliza kama naweza kupata karatasi za yule mkoloni aliyemiliki bonde zima la kwetu, yule wazee walimwita Bwana Mluzi kwa sababu hakuweza kupita mahali bila kupiga mluzi. Mpwa wangu, mimi na Bwana Mluzi tunashinda nyumba moja. Yeye yuko rafu ya sita. Ila hukusema unamtafutia nini. Andika yote, usinifiche. Na usitume kwa simu. Simu haina muhuri, halafu kioo cha yangu kilipasuka nikiwaamua wakurugenzi wawili wasipigane.

Msalimie mama yako. Kama hataki salamu zangu, mpe za serikali.

Ni mimi mjomba wako,
Mkuu wa Idara ya Vitabu


Nyumbani
13 Februari

Shikamoo Mjomba,

Hatujambo, tunashukuru. Pole na kifua. Mama anasema magoti yake yanamwambia mambo mengi ila bado hayajamtaja kaka yake. Samahani, nimeandika kama alivyosema.

Jambo lenyewe ni hili. Amekuja bwana mmoja wa suti, pamoja na wakili. Anasema amenunua bonde lote kutoka kwa wajukuu wa kaka yake Bwana Mluzi, huko ng'ambo, na nyumba yetu iko katikati ya ardhi yake. Tukamtolea hati ya babu, ile ya kununulia kiwanja. Wakili akaisoma akatabasamu. Akasema, "Aliyeuza ni mwanamke, na jina lake la ukoo si la Bwana Mluzi. Mzee wenu aliuziwa na mtu baki."

Wazee wote hapa wanajua kwamba yule mwanamke alikuwa binti yake Bwana Mluzi. Lakini mzee si karatasi. Karani wa baraza la ardhi amenieleza kwa upole kwamba tunahitaji karatasi tatu zishikane mikono. Kwanza wosia, uonyeshe kwamba Bwana Mluzi alimwachia binti yake ardhi. Pili ndoa ya binti, ionyeshe kwamba aliolewa akachukua jina la mume. Tatu hati yetu. Tunayo ya tatu peke yake. Kesi inasikilizwa tarehe 20 Aprili. Tukishindwa, tunahama, na kaburi la bibi liko pale nyuma ya jiko.

Mama anasema niamini nusu ya maneno yako. Nimemjibu nusu inatosha, mradi iwe na muhuri.

Mpwa wako


Masjala Kuu
25 Februari

Mpwa wangu,

Nakusalimu kwa wingi wa kurasa. Kazi inaendaje? Mama anaendeleaje? Mimi sijambo, ila bega. Wosia wa Bwana Mluzi ulikuwa rafu ya juu kabisa, nami nilipougusa tu, rafu nzima ikalegea. Vitabu mia tatu na kitu. Nikaizuia kwa bega hili la kushoto saa nzima, huku mkono wa kulia ukiendelea kupekua. Walioshuhudia wamehamishwa, vinginevyo ningekutajia.

Nakala yenye muhuri iko ndani ya bahasha hii. Alinisomea mama wa muhuri, yule wa dirisha la tatu, kwa kuwa miwani yangu iko kwa fundi. Ni mama mkali, hacheki na mtu, lakini safari hii alicheka mara moja. Bwana Mluzi amemwachia kaka yake saa ya mfukoni iliyosimama, "kwa kuwa naye hajawahi kufika popote kwa wakati." Farasi wake auzwe kwa mtu asiyetumia kiboko. Mbwa wake apewe mfupa kila Jumapili mpaka afe. Kisha bonde lote, kutoka mto hadi barabara, ni la "binti yangu wa pekee," na jina lake limeandikwa. Hapo mmepona mguu mmoja.

Nikamwomba asome tena pole pole, nisikie wale waliofyeka bonde na kuchimba mifereji waliachiwa nini. Baba wa babu yako alichimba pale mpaka akapinda mgongo. Hawamo. Nikapindua karatasi nikidhani wako nyuma. Nyuma ni peupe. Mbwa ana mfupa wake, mpwa wangu.

Jumapili ofisi ilikuwa imefungwa, nikaenda nikaketi ngazini kidogo. Si kwamba sina pa kukaa. Nina chumba kizuri, dirisha lake linatazama ukuta imara sana. Viti ninavyo viwili. Kimoja nakalia, cha pili kimevaa nguo zangu.

Ndimi mjomba wako,
Mkuu wa Idara ya Vitabu


Nyumbani
9 Machi

Shikamoo Mjomba,

Habari za bega? Sisi wazima. Wosia umefika. Mama aliuinua kwenye mwanga wa dirisha, akautazama mbele na nyuma, akasema, "Huu ni wa kweli." Kisha barua yako akaiweka kwenye kabati la vikombe. Nilidhani itakwenda kuwashia moto, kwa hiyo usiseme sikukupa habari njema.

Sasa ndoa. Wosia una mwaka wake na hati yetu ina mwaka wake, katikati pana miaka mitatu. Binti aliolewa humo. Tafuta daftari la ndoa la miaka hiyo, jina lake la kuzaliwa unalo, na jina la mume ni lile lililo kwenye hati yetu, nimelinakili hapa chini kwa herufi kubwa.

Kuhusu kiti cha pili. Mtu mwenye wageni huwa anatoa nguo.

Mpwa wako


Masjala Kuu
24 Machi

Mpwa wangu,

Natumaini mnaamka salama. Mimi naamka, tatizo ni huko ninakoamkia.

Binti Mluzi hakuolewa. Mama wa muhuri amepita daftari la ndoa la miaka yote mitatu, jina kwa jina, na mimi nimesimama nyuma yake nikimsimamia kama ilivyo kazi yangu. Hayumo. Kuna kurasa kadhaa hazipo, zinaruka kutoka arobaini hadi arobaini na tisa, lakini hilo ni jambo la kawaida. Panya wa jengo hili nawajua. Kuna mmoja mwaka juzi alikula mkataba wa daraja zima, daraja likachelewa kujengwa, ikabidi niitwe mimi kutoa ushauri.

Labda binti alijiita tu jina la bwana yule. Watu wa zamani nao walikuwa na mambo yao. Mwambie mama yako asikate tamaa, nitamwona mtu mkubwa fulani tunayefahamiana sana.

Mjomba wako,
Mkuu wa Idara ya Vitabu


Nyumbani
31 Machi

Mjomba, shikamoo.

Panya alianza ukurasa wa arobaini na moja, akaacha ukurasa wa arobaini na nane, na hakugusa wa mbele wala wa nyuma. Panya wa huko amesomea hesabu?

Sitaki mtu mkubwa. Hapa kijijini nimechoka na watu wakubwa, tunaye mmoja wa suti anakuja kila wiki na vijiti vyake vya mpaka, anachomeka uani kwetu. Juzi amechomeka kimoja hatua mbili kutoka kwa bibi. Mama alikwenda akakichomoa, akakirudisha mpaka kwenye gari lake, akamwambia, "Umesahau kijiti chako." Kisha akaingia ndani, akalala mchana, na mama yangu halali mchana.

Zimebaki siku ishirini. Tafadhali tafuta tena.

Mpwa wako


Masjala Kuu
12 Aprili

Mpwa wangu mpenzi wa moyo,

Salamu utazipata mwishoni, kwanza pokea hii. Panya nimemwachia huru, hana kesi. Binti Mluzi nimempata.

Baada ya barua yako nilikaa na lile daftari la ndoa siku tatu. Sikulisoma, nililitazama. Watu wengi husoma kitabu wakasahau kukitazama. Kuna mdudu, mdogo kuliko punje ya mchele, chakula chake ni karatasi. Akishaingia anatoboa kwenda mbele, ukurasa baada ya ukurasa, tundu likifuata tundu kama njia ya reli. Katika daftari hili aliingilia jaladani, akasafiri mpaka ukurasa wa arobaini. Wa arobaini na tisa nao una tundu, ila limesogea upana wa kidole. Mdudu haruki, mpwa wangu. Mdudu si panzi. Alizipita zile kurasa nane akikata kona pole pole, na popote zilipo, njia yake imo tumboni mwa kurasa hizo.

Nikaanza kufungua madaftari ya rafu ile. La vizazi, hamna. La mashamba, hamna. La kumi na moja lilikuwa la mazishi. Kurasa safi, safi, hazina hata kitobo, mara nakuta kitita cha karatasi nne zilizokunjwa, kurasa nane, zina tundu linalosafiri, halafu safi tena. Nikampelekea mama wa muhuri. Akasoma, akavua miwani, akasema, "Hawa hawakufa. Hawa wanaoana."

Binti Mluzi yuko ukurasa wa arobaini na nne. Ameolewa na mpima ardhi, na jina la mpima ardhi ni lile lile la hati yenu. Amekaa kati ya marehemu miaka ishirini na mbili akisubiri mtu amtoe, na shela lake.

Kosa ni la mshona vitabu mmoja wa zamani, mtu wa hovyo, nasikia alikuwa mlevi. Paa lilivuja, madaftari yakalowa, akaanika kurasa kwenye kamba kama nguo, kisha akashona bila kuangalia. Watu wa namna hiyo ndio wanaotuharibia kazi.

Nakala imo. Mwambie mama yako bega limepona.

Mjomba wako,
Mkuu wa Idara ya Vitabu


Nyumbani
23 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Sisi tuko hivyo hivyo. Natumaini wewe ni mzima.

Tulifika barazani na karatasi zetu tatu. Wakili wa yule bwana alizipitia, akauliza swali moja tu. "Ndoa imetoka ndani ya daftari la mazishi, na kaka wa mwenye nyumba anafanya kazi kwenye jengo hilo hilo. Waheshimiwa, hadithi hii hata mtoto anaweza kuimalizia." Watu wakacheka. Anasema ukurasa umepachikwa juzi.

Mwenyekiti aliagiza daftari lenyewe liletwe siku ya pili yake, likaja ndani ya sanduku. Akalifungua mpaka jalada la nyuma, kwa ndani, mahali ambapo hata mimi nisingefikiria kutazama. Pameandikwa, "Limeshonwa na Mkuu wa Idara ya Vitabu," tarehe ya miaka ishirini na mbili iliyopita, na saini. Nilitaka kupiga makofi kwa furaha. Kumbe wakili alikuwa ameshalikagua daftari kule kule kabla halijaletwa, na ana barua kutoka Masjala Kuu. Inasema ofisi yao haina cheo hicho na haijawahi kuwa nacho. Akasema, "Basi limeshonwa na mzimu."

Mwenyekiti ametupa mpaka tarehe 14 Mei. Aliyelishona daftari lile aje, au alete hati ya kiapo, aseme yeye ni nani, alifanya nini, lini, na kwa nini. Asipopatikana, ukurasa unaondolewa kwenye ushahidi na kesi imekwisha.

Mjomba, saini ile ina mkia mrefu unaopinda kama wa jogoo. Mkia huo ninao kwenye barua zako zote. Sikusema kitu mbele za watu. Mama naye aliuona. Naye hakusema.

Mpwa wako


Nyumbani
5 Mei

Mjomba, hujambo?

Sijapata jibu. Mama ameanza kufunga vyombo kwenye magazeti. Anafunga asubuhi, jioni anafungua vya kulia, kesho yake anafunga tena.

Siku tisa.

Mpwa wako


Masjala Kuu
10 Mei

Mpwa wangu,

Hujambo. Natumaini mama hajambo. Mimi sikuwa mgonjwa.

Hati ya kiapo iliyo na muhuri nimeipeleka barazani kwa tarishi. Hii ni nakala yenu, na nimeona nikuandikie hapa maneno yake uyasome wewe kwanza, kabla hayajasomwa kwa sauti mbele ya watu wote wanaonifahamu.

"Mimi niliyetia saini ni mshona vitabu wa Masjala Kuu, daraja la chini, kwa miaka ishirini na minne. Sijawahi kuwa mkuu wa kitu chochote. Cheo kilichoandikwa ndani ya jalada hakipo. Nilikibuni mwenyewe, nikakiandika mahali nilipoamini hakuna atakayefungua. Nimesoma hadi darasa la sita. Herufi za chapa nasoma, na mwandiko wa watu wa kwetu nasoma. Mwandiko wa kikoloni wa kuunganisha sisomi. Paa lilipovuja nilipewa madaftari matatu yaliyolowa. Nilianika kurasa zikachanganyika, nikazipanga kwa ukubwa na rangi ya karatasi. Sikumwuliza mtu anisomee kwa sababu niliona aibu. Kurasa nane za ndoa nikazishona pamoja na wafu. Sikuwa nimelewa. Sijawahi kulewa."

Hayo ndiyo maneno. Mama wa muhuri ndiye aliyeyapiga chapa. Alipofika mahali pa kazi ya mtoa kiapo aliinua vidole akaniuliza, "Niandike mkuu au mshona vitabu?" Swali hilo nililichukua nikaenda nalo nyumbani, na nililala nalo siku kumi. Nikawaza, labda wataamini ni mzimu. Mzimu angalau hana dada anayesikiliza.

Siku ile ya mazishi ya bibi yako, nilipokuwa nawasimulia waombolezaji jinsi nilivyopanda helikopta na waziri, mama yako alinigeukia mbele ya watu akasema, "Wewe ni mdomo tu. Siku utakayosema neno moja la kweli nitakupikia." Ndiyo sababu sijarudi. Sasa unajua.

Mkurugenzi amenipa barua ya onyo. Meza yangu ya kushonea wameitoa chumbani wakaiweka kwenye korido mpaka watakapokaa kikao. Inapitwa na watu siku nzima, wengine wanaweka vikombe vyao juu yake. Si neno.

Mjomba wako


Nyumbani
20 Mei

Shikamoo Mjomba wangu,

Sijui nianzie wapi, acha nianze na kwamba sisi ni wazima na tuko nyumbani. Nasema tena, tuko nyumbani.

Karani alisoma hati yako kwa sauti kubwa. Alipofika "sijawahi kuwa mkuu wa kitu chochote," nyuma kukaanza vicheko, na yule jirani mwenye kinu akasema, "Si huyu wa helikopta?" Mama aligeuka akamtazama. Alimtazama mpaka yule mzee akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho.

Wakili akasimama kusema kwamba ndugu anaweza kuapa lolote. Mwenyekiti akamwomba aketi. Akaagiza daftari la ndoa nalo lifunguliwe, akaazima sindano kwa mama mmoja aliyekuwa anafuma, akaipitisha kwenye tundu. Akahesabu kurasa arobaini za ndoa, akachukua zile nane za kwa wafu akazipima juu yake, kisha ya arobaini na tisa. Sindano ilipita yote, ikiinama kidogo kidogo kama ulivyoeleza. Akaichomoa, akairudisha kwa mwenyewe. Halafu akasema, "Mdudu hana ndugu katika kesi hii."

Karatasi tatu zimekubaliwa. Yule bwana wa suti amekusanya vijiti vyake.

Mama alitutangulia njia nzima. Tulipofika alifungua vyombo vyote, akavirudisha kabatini kimoja kimoja. Alipomaliza akasema, "Mwandikie aje Jumamosi ya tarehe sita. Asilete kitu. Aje yeye." Nikamwuliza nikuandikie na sababu? Akasema, "Anaijua."

Karibu sana.

Mpwa wako


Nyumbani
8 Juni

Mjomba,

Hukuja. Mama alikaa kwenye baraza ya nyumba tangu saa tatu asubuhi, amevaa lile gauni la kijani analovaa harusini, mpaka saa ya basi la mwisho ikapita. Chakula chako alikifunika. Jioni nilitaka kukiondoa, akanikataza.

Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika. Alisema tu, "Labda nilimwaibisha sana zamani zile."

Kama wamekufukuza kazi, tuambie. Kama unaumwa, tuambie. Kama hututaki, hilo nalo tuambie, lakini uliandike kwa mkono wako.

Mpwa wako


Masjala Kuu
15 Juni

Mpwa wangu,

Natumaini mmeamka vizuri, na kwamba mama yako yuko salama kabisa. Kazi hawajanifukuza. Kikao kimeamua nirudi chumbani na meza yangu, ila kila kitita nikishone mama wa muhuri akiwa amekisoma kwanza. Anakuja saa nane na kiti chake mwenyewe.

Kuhusu Jumamosi ile. Ofisi nzima ilisimama. Mkurugenzi mwenyewe alinishika mkono getini, akaniambia, "Ukiondoka leo jengo hili nalibakiza na nani?" Nikamtuliza. Nikapanda basi, na katikati ya safari dereva akashikwa na kizunguzungu, abiria kwa sauti moja wakaniomba nishike usukani, nami leseni yangu unajua ni ya magari makubwa.

Hayo ya juu yaache. Ningeyafuta, lakini karatasi niliyonayo ni hii moja.

Nilikuja. Nilishuka kituoni saa nne na nusu, na shati jeupe nililolinyoosha chini ya godoro. Mama yako alisema nisilete kitu, nikaleta mche wa sabuni, maana kitu kidogo si kitu. Nilipokuwa naondoka kwetu, pale paliposimama basi palikuwa na njia moja tu, inapita kando ya kinu. Sasa kuna kituo cha mafuta, na barabara tatu za lami, na maduka yote yamepakwa rangi moja ya bluu. Kinu sikukiona. Nikafuata barabara ya kwanza mpaka ikaishia kwenye ukuta wa shule. Nikarudi. Nikafuata ya pili, mageti matupu, mbwa mmoja akanisindikiza hadi nilipotoka. Ya tatu sikuimaliza.

Mama anayeuza vocha chini ya mwavuli aliniona napita mara ya nne. Akaniuliza, "Mzee, umepotea?"

Nikamwambia, "Hapana, napita tu."

"Unapita unakwenda wapi?"

"Mbele."

Ningeweza kumwuliza. Lakini wiki tatu kabla hati yangu ilisomwa pale pale, na kijiji chenu chote kinanijua sasa. Nikawaza ataniuliza, kwani wewe si yule kaka yake? Nikakaa kwenye benchi la kituo, nimenyoosha miguu, kama mtu anayesubiri mgeni. Saa tisa basi la kurudi likaja. Kondakta akaniuliza kama nimemaliza shughuli zangu, nikamwambia zote.

Kwa hiyo mama yako asijilaumu. Hakuniaibisha yeye.

Jumamosi ya tarehe ishirini na saba nitapanda basi la kwanza. Naomba uje kituoni unipokee, wewe mwenyewe. Mama yako mwambie mjomba ni mtu wa hadhi, amezoea kupokelewa. Lakini wewe ujue ukweli, halafu ukae nao: njia ya kwetu nimeisahau.

Mjomba wako